Familia ya Nairobi kwa jicho la Kimaksi: umchague Engels, Meillassoux, Dalla Costa au Vogel?

Anayetaka kuieleza familia chini ya ubepari kwa nadharia ya Kimaksi, yaani ya wanaofuata fikra za Karl Marx, hakuti nadharia moja. Anakuta nne au tano, na hazipatani. Mara nyingi wanafunzi wa sosholojia huzikariri zote kwa pamoja, kana kwamba Engels, Althusser na Zaretsky waliimba wimbo mmoja: familia humtumikia bepari, basi. Jibu hilo linaweza kupata alama kwenye mtihani, lakini ukilipeleka kwa wafanyakazi wa Industrial Area wanaojiuliza kwa nini mshahara huisha tarehe kumi, haliwaelezi kitu. Familia inamtumikia bepari kwa njia gani? Kwa jasho la nani? Na gharama anabeba nani?

Nieleze mapema ninakoegemea ili msomaji anipime. Kwa mtu anayeishi Nairobi, au anayeandika kuhusu Nairobi, naona Claude Meillassoux ndiye wa kuanza naye, Lise Vogel ndiye wa kumsahihisha, na Engels awekwe kwa ajili ya ardhi na mirathi. Dalla Costa ni wa lazima kwa swali lake, si kwa jibu lake. Wengine nitawapitia kwa haraka.

Engels: mali na mrithi

Friedrich Engels aliandika kitabu chake kuhusu chimbuko la familia mwaka 1884, mwaka mmoja baada ya kifo cha Marx. Alitumia madaftari aliyoyaacha rafiki yake, pamoja na utafiti wa Mmarekani Lewis Henry Morgan uliochapishwa mwaka 1877. Hoja yake ni kwamba ndoa ya mume mmoja na mke mmoja haikuzaliwa na mapenzi. Ilizaliwa siku mwanamume alipopata mali ya kurithisha, akataka kuwa na hakika kwamba mrithi ni damu yake. Hapo mwanamke akawekewa ulinzi, na kazi za nyumbani, zilizokuwa shughuli ya jamii nzima, zikawa utumishi wa ndani ya nyumba ya mtu mmoja. Dawa aliyoitoa Engels ni mwanamke kurudi kwenye uzalishaji wa jamii, na kazi za nyumbani kubebwa na jamii.

Kihistoria, ngazi aliyoijenga juu ya Morgan haisimami tena, na huku kwetu inapwaya tangu hatua ya kwanza. Katika jamii nyingi za Kenya mwenye ng'ombe wengi hakuishia kwa mke mmoja. Mifugo ndiyo iliyomwezesha kuoa wa pili na wa tatu. Kasoro nyingine inaniuma zaidi. Engels aliamini kwamba katika tabaka la wafanyakazi, ambako hakuna mali ya kurithisha na mwanamke naye anakwenda kiwandani, msingi wa utawala wa mume umeng'oka. Nenda Mathare ukaangalie chumba kimoja cha mabati cha kupanga, ambacho hakuna atakayekirithi. Mume kibarua, mke kibarua. Anayepanga foleni ya maji na mtungi ni nani? Mali haipo, na mzigo bado uko kwa yule yule.

Hata hivyo asitupwe, kwa sababu kwenye ardhi anaiona Kenya vizuri kuliko wenzake wote. Mpango wa Swynnerton, wa serikali ya kikoloni, wa mwaka 1954 ulipoharakisha upimaji wa mashamba na utoaji wa hati, jina lililoandikwa kwa kawaida lilikuwa la mwanamume kama mkuu wa boma. Haki ya mwanamke ya kulima, aliyoipata kwa kuolewa katika ukoo, haikuwa na mahali katika daftari la msajili. Kisha ikaja Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1981. Kama ilivyoandikwa, mke aliyefiwa alikuwa na haki ya kuitumia mali ya marehemu maisha yake yote, ila haki hiyo ilikoma akiolewa tena. Mume aliyefiwa hakuwekewa sharti hilo. Huo ndio wasiwasi wa mrithi aliouzungumzia Engels, umeandikwa na bunge la nchi huru.

Kwa hiyo kama unachunguza kesi za mirathi, mashamba ya Kiambu yanayogeuzwa ploti, au ndugu wanaomfukuza mjane baada ya mazishi, mchukue Engels. Akizungumzia mshahara, usimtegemee.

Meillassoux: mshahara wa mtu mmoja, familia ya watu saba

Claude Meillassoux alikuwa mwanaanthropolojia Mfaransa aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Waguro wa Ivory Coast. Kitabu chake cha mwaka 1975 kina hoja moja ambayo, kwa maoni yangu, inafungua Nairobi nzima. Anasema gharama ya mfanyakazi ina mafungu matatu. La kwanza ni kumlisha na kumhifadhi siku anazofanya kazi. La pili ni kumtunza siku asizofanya kazi: akiugua, akiachishwa, akizeeka. La tatu ni kumlea atakayechukua nafasi yake, yaani watoto. Pale ubepari ulipokomaa Ulaya, mafungu yote matatu yalilazimika kupitia kwenye mshahara au kwenye bima na huduma za serikali. Katika makoloni, mwajiri alilipa fungu la kwanza tu. Mengine mawili yalibebwa na shamba kijijini, na kwa sehemu kubwa shamba maana yake ni wanawake. Harold Wolpe alikuwa ametoa hoja ya jamaa na hiyo kuhusu Afrika Kusini mwaka 1972: maeneo waliyotengewa Waafrika yaliufanya mshahara wa migodini uwe mdogo, kwa kuwa familia ilijilisha yenyewe huko.

Soma historia ya Nairobi ukiwa na mafungu hayo matatu kichwani. Kodi ya nyumba, iliyotozwa tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ilimlazimu mwanamume kutafuta fedha taslimu. Kipande, yaani kitambulisho cha kazi alicholazimishwa kubeba baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kilimfunga kwa mwajiri. Mjini alipewa nafasi ya kitanda, si nyumba. Mji ulimtaka yeye, haukumtaka mkewe wala watoto wake. Mitaa kama Kaloleni, iliyojengwa kwa kufikiria familia, ilikuja miaka ya 1940, na ilikuwa michache. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Carpenter ilikiri hadharani kwamba kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimepigwa kwa mahitaji ya mwanamume mseja, ikapendekeza kifike kiwango cha kulisha familia. Yaani serikali ya kikoloni yenyewe ilikuwa ikipiga hesabu ileile ambayo Meillassoux aliiandika miaka 21 baadaye.

Wengine watasema hayo yamepita. Nawajibu kwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Kwa miaka mingi, hadi Februari 2023, mchango wa lazima ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri kwa mwezi. Nani angezeeka kwa pesa hizo? Ilichukuliwa tu kwamba mzee atarudi nyumbani, na nyumbani kuna shamba, kuku na binti au mkaza mwana wa kumchotea maji. Fungu la pili la Meillassoux liliachiwa kijiji kwa miongo mingi baada ya uhuru.

Yapo pingamizi mawili ninayoyaheshimu. La kwanza: siku hizi pesa zinatoka mjini kwenda kijijini, si kinyume. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mtu wa Kawangware anamtumia mama yake Kakamega pesa akiwa amesimama kwenye foleni ya matatu. Je, si mji unaokilisha kijiji? Nadhani tukipima pande zote mbili, hoja haivunjiki. Inayokwenda ni pesa taslimu: karo, dawa, mbolea, mazishi. Kinachorudi hakina risiti: gunia la mahindi au viazi linaloteremshwa kutoka buti ya basi, mtoto anayelelewa na shosho hadi afike umri wa kuanza shule, mgonjwa anayepelekwa nyumbani kuuguzwa hospitali zikishindwa kulipika. Na pesa hizo zinazokwenda zinatoka mfukoni mwa mfanyakazi, ndani ya mshahara uleule mwembamba. Mwajiri hayumo katika safari yoyote kati ya hizo mbili. Kinachoitwa wajibu wa mtoto kwa wazazi, nami siudharau hata kidogo kwa kuwa ndio uliotusomesha wengi, kwa hesabu ya Kimaksi ni mafungu mawili ya mshahara ambayo hayakulipwa, yakagawanywa kati ya ndugu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuna watu wengi Nairobi wasio na shamba popote. Wajukuu na vitukuu wa Majengo na Mathare, watu wa Korogocho ambao hawana kijiji cha kurudi hata kwa mazishi, na wale ambao shamba la babu limegawanywa hadi likabaki robo eka kwa kaka watano. Kwao ule mgongo wa kijiji ulioubeba mshahara mdogo umevunjika. Mshahara je, uliongezeka kufidia? Hapana. Basi gharama hizo ziko wapi sasa? Meillassoux hana jibu. Isitoshe, kwake wanawake ni kundi linalosimamiwa na wazee wa ukoo ili lizae. Kazi yao ya kila siku haichunguzi kwa makini, na wanafeministi walimkosoa kwa hilo mapema.

Dalla Costa na Vogel: kazi ya nyumbani, nani anaifaidi

Hapa ndipo panapofaa kuwaweka wawili hawa bega kwa bega, maana wanafunzi huwachanganya.

Mariarosa Dalla Costa, Mwitaliano, akishirikiana na Selma James, alitoa andiko lake mwaka 1972. Alisema mama wa nyumbani hayuko nje ya ubepari. Yeye ndiye anayetengeneza bidhaa ambayo ubepari hauwezi kuendelea bila hiyo, yaani mtu aliyeshiba, aliyevaa nguo safi, aliyetulizwa, tayari kwa zamu ya asubuhi. Kwa hiyo kazi yake inazalisha thamani ya ziada, yaani ile inayobaki kwa bepari baada ya mshahara kulipwa, ila mshahara wa mume unaificha. Kutokana na hoja hiyo likazaliwa dai la kulipwa kwa kazi za nyumbani, ambalo Silvia Federici aliliandikia kwa ukali mwaka 1975. Margaret Benston alikuwa amesema mwaka 1969 kwamba kazi hiyo ina thamani ya matumizi tu na iko nje ya soko. Dalla Costa akapita hatua moja mbele.

Vogel, Mmarekani, alijibu mwaka 1983. Kazi ya nyumbani ni ya lazima kwa ubepari, alikubali, lakini haizalishi thamani ya ziada kwa maana aliyoitumia Marx, kwa kuwa hakuna bepari anayeinunua moja kwa moja. Jambo la msingi kwake ni mgongano. Bepari anahitaji nguvukazi ya kesho, na uzazi unamtoa mwanamke kazini leo. Kila anachookoa leo anakiiba kwenye kesho. Vogel akaongeza jambo ambalo Nairobi inalithibitisha kuliko mji wowote ninaoujua: familia si njia pekee ya kupata wafanyakazi wapya. Wahamiaji, mabweni na kambi za kazi zinaweza kufanya hivyo pia.

Mwanahistoria Luise White alipochunguza Nairobi ya kikoloni, aliwakuta wanawake wa Pumwani waliouza, pamoja na tendo la ndoa, chai, chakula, maji ya kuoga na kitanda, wakajenga nyumba zao wenyewe kwa pesa hizo. Wanaume waliokuwa wamenyimwa nafasi ya kuja na wake zao walinunua vipande vya maisha ya nyumbani. Hiyo ni kazi ya kuirudisha nguvukazi kazini, bila ndoa na bila familia. Kwa Dalla Costa, ambaye mfano wake ni mke wa mfanyakazi wa kiwandani Italia, wanawake hawa wanaleta ugumu. Kwa Vogel wanaingia bila kulazimishwa.

Dai la mshahara, kwa upande wake, limekwisha kujaribiwa hapa, na nashangaa linavyorudiwa bila kutajwa hilo. Nairobi kazi ya nyumbani ina mshahara. Dada wa kazi yuko kwenye jedwali la serikali: shilingi 15,201.65 kwa mwezi katika agizo la mwaka 2022, na baada ya nyongeza ya asilimia 6 ya Novemba 2024, shilingi 16,113.75. Ni ngazi ya chini kabisa ya jedwali hilo, na nyumba nyingi hazifiki hata hapo. Dada huyo mara nyingi ana mtoto wake Kitui au Busia, analelewa na bibi, ili yeye alee wa mwenye nyumba South B, ili mwenye nyumba naye aende ofisini. Kazi imelipwa na bado imedharauliwa, na fungu la tatu la Meillassoux limerudi kijijini kwa mlango wa nyuma. Kulipwa peke yake hakukumkomboa mtu. Hiyo ndiyo sababu nasema Dalla Costa ana swali sahihi: kwa nini hamuiti hii kazi? Jibu lake ndilo linaloishia njiani.

Swali lenyewe bado linawasha moto. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na shirika la takwimu la taifa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia kwa kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa muda ulio karibu mara tano ya wanaume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inazitaja kazi za nyumbani, malezi ya watoto na hata usuhuba kuwa mchango katika mali, na Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba mchango huo huhesabiwa kwa ushahidi wa kila kesi, si nusu kwa nusu moja kwa moja. Ni hatua, naipongeza. Lakini angalia inapofanya kazi: ndoa ikivunjika, na mali ikiwepo. Aliyepika miaka ishirini Mukuru kwa mume asiye na kitu hana cha kudai kwa yeyote, ingawa waajiri waliomtumia mume huyo walifaidi kila sahani.

Mgongano wa Vogel nao unaonekana kwenye lango la kiwanda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Kwenye karatasi bepari amelazimishwa kulipia kesho yake. Ndiyo maana ukibarua wa siku kwa siku unapendwa: kibarua akijifungua, anakoma tu kuitwa. Mama huyo atamwacha mtoto kwenye chumba cha jirani anayelea watoto kumi kwa malipo ya kila siku, atatembea kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga hadi kiwandani, na jioni atanunua maharage yaliyokwisha kuchemshwa na chapati mbili kibandani, kwa sababu hana saa tatu za kuchemsha wala makaa ya kuyapoteza. Zile gharama ambazo kijiji kimeshindwa kuzibeba ziko hapo: kwa mama wa kibanda, kwa mlezi wa mtaani, kwa mama fua anayekaa kando ya geti la mtaa wa wenye nacho akingoja kuitwa. Wanawake maskini wanawauzia wanawake maskini saa zao kwa bei ya chini, na mshahara wa kiwandani unaendelea kutosha, kwa maana ya mwajiri ya kutosha.

Althusser na Zaretsky kwa ufupi

Louis Althusser, mwaka 1970, aliiweka familia miongoni mwa vyombo vya dola vya itikadi, yaani taasisi zinazotufanya tuukubali utawala bila kulazimishwa, ikifanya kazi pamoja na shule. Anafaa kama swali lako ni kwa nini tunawalea watoto wawe watiifu kwa yeyote mwenye cheo. Eli Zaretsky, mwaka 1976, alisema ubepari uliitenga nyumba na kazi, kisha ukamwahidi mfanyakazi kwamba faraja yote iko ndani ya nyumba hiyo. Wote wawili wanaanza na nyumba iliyo na mlango unaoitenga na kazi. Chumba ambamo mama anashona sare za shule kwa oda huku uji ukichemka hakina mlango huo, na mimi huwapa nafasi za mwisho.

Ukishika lipi, utadai nini

Nadharia hizi hazitofautiani kwenye maelezo tu. Zinakutuma kudai mambo tofauti. Wa Engels atakwenda kwenye ofisi ya ardhi na mahakama ya mirathi. Wa Dalla Costa atadai kazi ihesabiwe na ilipwe. Wa Meillassoux atadai mshahara na pensheni vibebe mafungu yote matatu, na hilo ni dai la chama cha wafanyakazi. Wa Vogel atasukuma gharama ya malezi imrudie mwajiri na serikali: vituo vya kulelea watoto karibu na viwanda, na likizo ya uzazi inayomfikia kibarua na dada wa kazi.

Mwanamapinduzi Aleksandra Kollontai aliota jiko la umma Urusi mwaka 1920. Kaunti ya Nairobi ilianza mwaka 2023 kuwalisha watoto wa shule za umma chakula cha mchana kwa shilingi 5, na chakula kile kinapikwa kwenye majiko makubwa. Sidai kwamba huo ni usoshalisti. Lakini kila sahani inamwondolea mama mmoja kazi moja bila kumpa mwanamke wa nyumba ya pili kazi hiyo kwa bei ya kutupa, na hilo ndilo ambalo dai la kulipwa nyumbani halikuliweza. Ndiyo sababu kati ya hawa wote naegemea upande wa Vogel linapofika suala la nini kidaiwe.

Kundi la kusoma linaloanza lisikifuate kitabu cha Meillassoux tangu mwanzo. Sehemu yake ya pili, ile inayohusu mshahara na wahamiaji, inasomeka peke yake. Kabla ya kukutana, kila mmoja aandike hesabu ya mwezi mmoja wa nyumba yake: pesa zilizoingia na zilizotumwa, chakula kilicholetwa kutoka nyumbani, saa za kupika, kufua na kuuguza, na jina la aliyezifanya. Mjadala uanzie kwenye karatasi hizo.